Mwaka Niliokataa Kukata Kazaka

Mwezi uliopita tulimzika Papa Umba, fundi wa nguo wa hapa Kamina, na siku ya kufunga matanga mkwe wake alisimama mbele ya watu, shati limepigwa pasi hata likasimama lenyewe, akasema marehemu alikuwa mtu mtulivu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuikaidi serikali. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa na sahani ya bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo mapajani, na nusura niimwage. Mtulivu? Umba huyu huyu? Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na wanaonijua wanajua kwamba mdomo wangu ukifunguka haufungwi na amina, lakini mjane wake, Mama Kapya, aliyekuwa ameketi mkekani kando yangu, alinishika goti akalibana. "Hapana hapa, Numbi," akaninong'oneza. "Uandike. Weye unajua kuandika. Huyu mutoto ya bantu anasema paka bintu yenye balimuambia." Basi naandika. Naandika kwa Kiswahili cha shule, kile nilichofundishwa na Wamethodisti kwa rula vidoleni, lakini watu nitawaacha waseme kama walivyosema. Kwetu "njo" ni ndiyo, "paka" ni tu, "juu" ni kwa sababu, na "kutosha" ni kutoa. Sitamvalisha marehemu kravati ambayo hakuwa nayo.

Nianze na lile linalowakera watu. Chumbani kwangu nina sanduku la bati lililojaa kazaka, yaani makoti, ya askari wa ndege wa Kijerumani, wa vita vile vikuu vya pili vya Wazungu. Nyingi nimezipata moja moja, kwa miaka zaidi ya arobaini, katika mabalo, yale marobota ya mitumba, hapa Kamina na kule Kabongo, na moja kwa mvuvi wa Sanga aliyekuwa akiivaa asubuhi kwa baridi ya ziwa, akakataa katakata kuivua mpaka nilipomshonea nyingine nzito kuliko hiyo. Majirani huniita Mama Makazaka. Mchungaji wetu ameniuliza mara mbili kama inafaa mwanamke wa kanisa kutunza nguo za jeshi lililoua watu kama inzi. Nilimjibu: Mchungaji, sizitunzi kwa kuzipenda. Nazitunza ili asije mtu akanidanganya juu yake, wala akamdanganya mwingine mbele yangu. Kijana mmoja wa Lubumbashi hunitumia kwenye simu picha za kazaka zinazouzwa kwa wapenzi wa vitu vya kale, aniulize kama ni za kweli. Mara nyingi ni za uongo. Namwambia avute uzi mmoja ndani ya mshono auchome: uzi wa zamani huwa majivu, uzi wa siku hizi huyeyuka. Mara ya kwanza hakuamini kwamba bibi wa Kamina anaweza kujua hayo. Ati ningejulia wapi? Nilijulia kwa Papa Umba, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na nusura ujuzi huo umuue.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya stesheni, ukuta una ufa mrefu, na ufa umezibwa kwa kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita. Mlikuwa na mashini mbili za kukanyaga, yake na yangu, meza ya kukatia ambayo zamani ilikuwa mlango wa behewa, pasi ya makaa, na harufu ya sufu iliyoungua ambayo hata leo nikiisikia mahali nasimama. Behewa zikigongana kule relini, sindano zilitetemeka ndani ya kopo. Papa Umba alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alimpima mteja kwa macho kabla hajagusa utepe. "Utepe iko ya kuhakikisha," alikuwa akiniambia. "Jicho njo inapima." Wakati ule serikali ilikuwa imekataza suti ya Kizungu na kravati yake. Karani, mwalimu, mwenye cheo, wote walitakiwa wavae abakosti, koti lililofungwa mpaka shingoni. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ilikuwa kuchukua makoti ya Ulaya kutoka mabalo, kukata kola, kuziba kifua, na kuyageuza abakosti. Nimekata kola za marehemu wengi wa Ulaya, Mungu anisamehe.

Mwanzo wa kiangazi Papa Umba alifungua balo moja, na chini kabisa, chini ya mapazia yenye ukungu, tukakuta kazaka saba za rangi ya bluu iliyochanganyika na majivu. Alifurahi kama mtu aliyeokota kuku asiye na mwenyewe. "Hizi ziko za bantu ba reli," akasema, "ba reli ya Bulaya." Kwetu Kamina kila kitu cha bluu chenye vifungo vya chuma ni cha reli, mtu hatafuti zaidi. Akatandika ya kwanza mezani, akachukua mkasi. Mimi nilikuwa nimeona kitu. Upande wa kulia wa kifua palikuwa na kivuli, sehemu ambayo rangi haikupauka, na kivuli kile kilikuwa na mabawa. Kulikuwa na ndege aliyeshonwa pale miaka mingi, kisha mtu akamfumua, na matundu ya sindano yalibaki kumzunguka. Nikaweka mkono juu ya kola.

"Tosha mukono, nitakukata vidole."

"Papa, hii haiko ya reli. Reli haina ndege ku kifua."

"Ndege gani?"

"Ile yenye balitosha. Angaria kivuli yake."

Akaangalia, akakunja uso. "Nani anauzisha kivuli? Kata."

"Minyi sikate."

"Unasema nini?"

"Sikate, Papa. Mbele tujue iko ya nani."

Msichana wa miaka kumi na tisa, namjibu hivyo mtu aliyenipa mashini ya kukanyaga! Hata mimi nilijishangaa. Lakini kulikuwa na makoti mengine kumi yakingoja, na Papa Umba alikuwa mtu wa kucheka kabla ya kukasirika. "Kichwa nguvu," akasema. "Nakupatia mwezi moja. Kisha nitakata na weye utashikilia." Nikazikunja zote saba nikazitia katika sanduku chini ya meza. Mwezi ukawa miwili, miwili ikawa minne. Kila alipouliza nilikuwa na jibu. Ndiyo maana leo sikubali mtu aniambie kwamba yaliyofuata yalikuwa bahati mbaya. Haikuwa bahati. Nilikuwa mimi.

Saa za mchana, wakati wa kupumzika, nilizitoa kazaka moja moja nikazigeuza ndani nje. Kwenye bitana, chini ya mfuko wa ndani, kila moja ilipigwa muhuri wa wino mweusi: namba tano zilizopangwa pamoja, na kando yake herufi chache na namba ya sita peke yake. Herufi sikuzijua. Namba tano zilininyima raha. Nilichukua utepe. Namba ya kwanza ilikuwa urefu wa mgongo kutoka shingo hadi kiuno, barabara kabisa. Ya pili ilikuwa shingo. Ya nne ilikuwa urefu wote, ya tano mkono. Lakini ya tatu, ambayo ingepaswa kuwa kifua, ilikataa. Muhuri ulisema tisini na sita, utepe ulisema zaidi ya mia. Nikapima kazaka nyingine, ikawa vile vile, na nyingine tena. Wiki tatu nilitembea na jambo hilo kichwani kama kijiwe ndani ya kiatu. Kisha siku moja nikawa namkatia mwalimu mmoja abakosti, nikamzungushia utepe kifuani, nikaongeza vidole vinne vya kupumulia kama nilivyofundishwa, na nikasimama hapo hapo, mwalimu ananitazama. Namba ya tatu haikuwa ya nguo. Ilikuwa ya mtu. Kulikuwa na mtu mwenye kifua cha tisini na sita, alisimama mbele ya fundi kama mwalimu yule, akaambiwa avute pumzi. Sikujua kama nifurahi au niogope, na nilifanya yote mawili.

Mama Kapya alituletea chakula mchana, bukari na samaki mkavu wa ziwa Kisale aliyepikwa na mawese, naye alikula pamoja nasi ili asikie habari. Habari za mwaka ule zilikuwa za askari. Kulikuwa na vurugu kusini, na watu walisema waasi wanajipenyeza kwa treni wakiwa wamevaa nguo za jeshi. Mteja mmoja akatuambia kwamba jirani yake amechukuliwa kwa ajili ya kofia tu, kofia ya zamani ya marehemu kaka yake. Mama Kapya akaacha kutafuna. "Umba," akasema, "zile bintu mu sanduku utazikata siku gani?" Papa Umba akanielekezea kidole chenye mafuta. "Umuulize Numbi." "Numbi njo bwana ya duka?" Wote tukacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, nikalamba vidole. Kicheko kile nikikikumbuka naona haya hata leo.

Walikuja Jumanne saa tatu asubuhi, askari wanne. Mimi nilikuwa nimechelewa, maana usiku uliotangulia nilibeba kazaka moja nyumbani niisafishe, nayo nilikuwa nayo ndani ya kitambaa kichwani. Nilipofika kona ya stesheni niliona watu wamejaa barabarani. Sanduku lilikuwa limemwagwa nje vumbini, kazaka sita, na Papa Umba alikuwa amepiga magoti kando yake, mikono kichwani, utepe bado unaning'inia shingoni. Askari mmoja alikuwa amegeuza bitana ya kazaka, anasoma muhuri kwa sauti. "Bataiyo makumi tatu na munane. Bataiyo makumi ine. Bataiyo makumi ine na tatu." Kila namba aliyoisoma watu walirudi nyuma hatua. Ile namba ya sita, ambayo mimi sikuielewa, wao waliielewa papo hapo: ilikuwa namba ya kikosi cha waasi. "Iko ya nani?" akamuuliza Papa Umba. Papa Umba akasema ni nguo za reli. Askari akampiga teke, akamuuliza tena.

Wakamchukua. Mama Kapya aliniona nikiwa nimesimama na mzigo wangu kichwani, akanijia mbio, nikadhani atanikumbatia. Alinizaba kofi. "Weye njo ulimuingiza mule," akasema. "Alitaka kukata, weye ukakatala. Sasa weye njo utamutosha." Kuna makofi ambayo mtu hupewa kwa haki, na lile lilikuwa langu.

Siku mbili nilizunguka. Mchungaji wetu alisema atasali. Mwalimu mwenye abakosti alijifanya hanijui. Siku ya tatu nikaenda mahali ambapo msichana wa Kimethodisti hakutarajiwa kwenda, kwa Masere Lutgarde, mtawa wa Kibelgiji aliyefundisha ushonaji kwenye misioni ya Wakatoliki na kuongea Kiluba vizuri kuliko vijana wetu. Alikuwa mezani, anakunywa kahawa na kupaka jemu kwenye mkate. Nilipofungua kitambaa, kisu cha jemu kilibaki hewani. Uso wake, uliokuwa mwekundu siku zote, ukapauka. "Ulitosha wapi ile kintu?" akauliza. Nikamweleza yote. Hakuigusa. Aliniambia kwamba alipokuwa mtoto, Wajerumani waliingia nchini kwao, na wawili wa jeshi la ndege wakalala nyumbani kwao. Kazaka kama hii ilitundikwa kwenye kiti jikoni, na mama yake alilazimishwa kuipiga pasi kila asubuhi. "Ndege ilikuwa hapa," akasema, akaonyesha kifua chake cha kulia. "Ku shingo mulikuwa rangi ya njano, juu beko bantu ba kuruka. Bale ba kupiga ndege na mizinga beko na nyekundu." Nikamuuliza walikuja lini. "Mwaka makumi ine," akasema. "Balienda makumi ine na ine. Mbele ya kwenda hata viatu habakuwa nabyo."

Nikageuza bitana. Namba ya sita ya kazaka ile ilikuwa arobaini na moja. Nikaketi bila kukaribishwa. Nilimwomba Masere aje nami aseme hayo kwa askari. Akatikisa kichwa, machozi yanamlenga. Mzungu akijiingiza katika mambo ya jeshi, misioni yote itafukuzwa. "Basi niandikie," nikasema. Hilo pia hakuweza. Nilimkasirikia, na nilimwambia wazi: "Mama yako alipiga pasi, na weye unaogopa kalamu." Leo nisingesema hivyo. Siku ile nilisema, nikafunga mzigo wangu nikaondoka, na kahawa yake nikaiacha ipoe.

Askari walikuwa na ofisi katika nyumba ya zamani ya Wabelgiji, si mbali na reli. Asubuhi ya siku ya nne nilivuka uwanja wa nyumba ile kweupe, kazaka ya saba ikiwa mkononi na si kichwani, haikufunikwa, kila mtu aione. Uso niliukausha. Mkuu wa mahali pale alikuwa liyetena, yaani luteni, kijana, mwembamba, mzaliwa wa Lubumbashi, mwenye sauti ndogo ambayo iliogopesha kuliko kelele. Kazaka sita zilikuwa kwenye rafu nyuma yake.

"Weye njo nani?"

"Niko Numbi. Ninashona kwa Papa Umba. Mulichukua kazaka sita, hii njo ya saba."

Karani wake aliacha kuandika.

"Binti, unajua kintu unaleta mu hii bilo?"

"Najua, shefu. Ninyi njo hamujue."

Liyetena akaegemea nyuma, akasema niongee, nami nikaongea kama ninavyoongea na mteja, kwa maana ndiyo lugha pekee niliyokuwa nayo. Nikageuza bitana, nikamwonyesha namba tano. Nikamwambia hizi si siri za vita, ni vipimo, na fundi yeyote angejua kama angeulizwa badala ya kupigwa. Nikapima mgongo, shingo, urefu, mkono, karani akasoma muhuri, mimi nikasoma utepe, vikakubaliana. Nikamweleza kwamba ya tatu ni ya kifua cha mtu mwenyewe. Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyemkamata mwenzake. "Huyo muntu iko wapi, tumupime?"

Nikamtazama kwa jicho, kama nilivyofundishwa. Kisha nikaenda kwenye rafu, nikageuza bitana mbili tatu, nikatoa moja. "Simama, shefu."

"Unasema?"

"Simama. Utepe haiume."

Sijui kwa nini alisimama. Labda ni ile sauti ya fundi, ambayo hata waheshimiwa huitii. Nikamzungushia utepe kifuani: tisini na mbili. Karani akasoma muhuri wa kazaka niliyoichagua: makumi kenda na mbili. Nikaishika kwa mabega nikamfungulia, naye akaingiza mkono mmoja, halafu wa pili, ikamkaa kana kwamba alishonewa yeye. Akajitazama. Ofisa wa jeshi, ofisini kwake, amevaa nguo ile ile aliyomfungia mtu! Aliivua upesi kuliko alivyoivaa.

"Bon. Ni vipimo," akasema. "Na ile namba ingine? Makumi ine, makumi ine na mbili? Ile njo bataiyo."

Hapo ndipo Masere angenifaa, na hakuwepo. Nikazipanga kazaka zote saba mezani kwake, juu ya karatasi zake, kutoka namba ndogo hadi kubwa, nikamwomba afumbe macho. Akanitazama, akafumba. Nikaushika mkono wake nikauweka juu ya ya kwanza. "Nzito," akasema. Ya pili. "Muzuri." Ya tatu, ya nne. "Inaanza kukuwa nyepesi." Ya tano akasugua kwa kidole gumba. Ya sita akakunja uso. Ya saba akafungua macho kabla sijamruhusu. "Hii iko gunia," akasema. Ilikuwa kweli. Sufu ilikuwa imechanganywa na matambara yaliyosagwa, vifungo vya alumini vilikuwa vimegeuka bati lililopakwa rangi, na bitana ilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara.

"Shefu," nikasema, "bataiyo gani inapata nguo mbaya juu namba yake ni kubwa? Hii haiko bataiyo. Iko miaka. Hii njo ya mwaka makumi tatu na munane, hii ya makumi ine na ine. Ziko za Wajerumani ba ndege, ba vita ya Bulaya, weye na minyi hatuyazaliwa. Kila mwaka inchi yabo ilikuwa inaisha, na kila mwaka bafundi babo balipewa kitambaa mubaya kupita."

"Nani alikuambia inchi ikiisha inaonekana mu nguo?"

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. "Weye mwenyewe unajua," nikasema. "Ile kazaka balikupatia siku uliingia mu jeshi, na ile balikupatia mwaka huu. Ziko sawasawa?"

Karani akainamisha kichwa akatazama viatu vyake. Mkono wa kulia wa liyetena ulikwenda kwenye kiwiko cha kushoto, ambapo shati lake lilikuwa limeanza kuchanika, likashonwa vibaya na mtu asiyejua kazi. Akausugua mshono ule kwa muda mrefu. Kisha akamwambia karani afunge mlango, na mimi nikajua nimekwisha.

"Ile neno ya mwisho," akasema, "usiiseme tena. Hapa, nje, ku kanisa, popote."

"Sitaisema, shefu." Na sikuisema, mpaka leo.

"Minyi nimesikia. Lakini mukubwa wangu anangoja ripoti, na ripoti itasema: nguo saba ya askari, zimeharibiwa. Uziharibu hapa, mbele yangu, na umubebe muzee yako."

Karani akanisukumia mkasi. Nikazitazama zile saba. Miezi minne nilikuwa nimekataa kuzikata, na mtu alikuwa amepigwa kwa ajili ya kukataa kwangu, na sasa bei yake ilikuwa kuzikata mwenyewe. Nilimtaka Papa Umba nje. Lakini nasema kweli, ile nguvu ya kichwa haikunitoka hata pale. Nikaurudisha mkasi. "Nipatie wembe, shefu," nikasema. "Mukasi itakawia, sufu iko nguvu." Huo ulikuwa uongo. Mkasi hukata nguo. Wembe hukata uzi.

Nilifumua tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi alasiri, nimeketi kwenye veranda yao, askari wananipita. Mikono, kola, mifuko, mabega, bitana, kila mshono niliufungua bila kugusa kitambaa hata mara moja, na kila kipande nilikitupa kwenye lundo kwa hasira, kama mtu anayeharibu kweli. Sikuthubutu kuweka alama yoyote. Papa Umba wakamtoa mchana. Shati lilikuwa limegandana na mgongo, na hakuweza kuketi ila kwa upande mmoja. Aliketi kwenye ngazi akanitazama nikifumua, midomo imevimba. Mimi nilishindwa kumwangalia machoni. Liyetena alikuja kulitazama lundo, akalipiga kwa ncha ya kiatu, akaona ni matambara, akamwambia karani aandike. Tukaruhusiwa kuondoka na gunia la vipande ili tusiwachafulie veranda, nami nikamwegemeza Papa Umba begani mwangu hadi kwake. Mama Kapya alimpokea mlangoni. Mimi hakunipiga tena, wala hakunikaribisha.

Siku kumi duka lilifunguliwa na mimi peke yangu. Nilikuwa nimejitayarishia maneno. Nilijua akirudi ataniambia nikatafute kazi kwingine, nami ningekubali bila kubisha, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Siku ya kumi na moja aliingia asubuhi, anatembea kama mtu aliyebeba maji, akasimama mbele ya meza. Nikaanza: "Papa, unisamehe. Kama ningekuacha ukate ile siku ya kwanza..."

Hakunisikiliza. Aliinama kwa shida, akalivuta gunia kutoka chini ya meza, akalimwaga lote, vipande zaidi ya mia vya bluu na majivu vikajaa mezani na kuanguka sakafuni. Akaokota mkono mmoja wa kazaka. Akafumba macho, akausugua kwa kidole gumba, polepole.

"Hii mukono," akasema, "iko ya mwaka makumi ine na mbili, ao ya makumi ine na tatu?"

"Papa, bakizikuta tena nzima, batakuua."

"Siku ine banafanya paka kunipiga," akasema, macho bado amefumba. "Kila fimbo banauliza: iko ya nani, iko ya nani. Na minyi, muzee muzima, fundi, nilikuwa sina jibu." Akanisukumia kopo la sindano. "Keti, Numbi. Unifundishe."